Kuacha kabisa, kula kwa kipimo, kubadilisha au kungoja: njia nne za kukabili uchu wa chakula

Umekula chakula cha usiku, umeshiba, vyombo vimeshaoshwa. Saa tatu na nusu mkono unafungua kabati na kupapasa biskuti. Tumbo halidai kitu. Ni mdomo unaodai. Kwa mtu anayejitahidi kula vizuri, dakika hiyo huharibu kazi ya siku nzima, na ushauri anaopewa unagongana: huyu anamwambia atupe kila kitamu kilichomo ndani, yule anamwambia asijinyime kitu asije akakifakamia.

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anamsemea mtu wake. Kuna anayeonja kipande kimoja akafunga pakiti na kuisahau. Kuna ambaye kipande hicho kimoja ndicho kinachofungua mlango, na mlango haufungwi tena mpaka pakiti iishe. Hao wawili hawawezi kupewa dawa moja, na ndiyo sababu njia nne zilizo hapa chini zimelinganishwa kwa vigezo vilevile.

## Kwanza: ni njaa au ni uchu?

Njaa huja polepole na haichagui. Jiulize: ningeletewa sasa hivi bakuli la maharage au mayai mawili ya kuchemsha, ningekula? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni njaa na dawa yake ni chakula. Uchu huja ghafla na una jina la kitu: hautaki chakula, unataka chokoleti, tena ile yenye njugu. Njia hizi nne ni za uchu. Ukizitumia kwenye njaa zitashindwa zote, kisha utajilaumu bure.

Kwa hiyo rekebisha mambo matatu kabla ya kuchagua. La kwanza ni pengo kati ya mlo na mlo. Likizidi muda wa saa tano wakati wa mchana, kinachoitwa uchu wa jioni mara nyingi ni njaa tu. La pili ni uzito wa mlo wenyewe. Gramu 20 hadi 30 za protini pamoja na chakula chenye nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu. Mayai mawili yana protini gramu 12 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15 hivi. Si kalori peke yake inayoshibisha: mwaka 1995 mtafiti Susanna Holt na wenzake huko Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kwa kiasi chenye nishati ileile, na viazi vya kuchemsha vilishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe.

La tatu ni usingizi, na hili watu hulidharau sana. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004, vijana 12 wa kiume walilala saa nne tu kwa usiku mbili. Wakilinganishwa na walipopewa nafasi ya kulala saa kumi, homoni ya njaa, ghrelini, ilipanda kwa asilimia 28, na leptini, inayoujulisha ubongo kwamba mwili una akiba, ilishuka kwa asilimia 18. Hamu yao ilielekea zaidi kwenye vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mtu anayelala kwa muda wa saa nne tu kisha akatafuta mbinu ya kushinda keki anapigana vita kwenye uwanja usio wake.

Halafu chukua daftari kwa wiki moja. Kila uchu unapokuja andika saa, kitu unachokitaka, mahali ulipo, hali ya moyo wako, na mwisho kabisa kilichotokea baada ya tonge la kwanza: uliacha, uliendelea kidogo, au ulimaliza pakiti. Usijizuie kwa makusudi wiki hiyo. Unakusanya habari tu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuchagulia njia.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tunaipima kwa maswali yaleyale. Inafanywaje hasa? Inadai kazi kiasi gani, na kazi hiyo ni ya mapema au ya papo hapo uchu ukiwa umepanda? Inavunjikia wapi? Inahimilije siku mbaya, siku ya uchovu, ugomvi au wageni? Na inamfaa nani?

Hatukuweka kigezo cha "inapunguza uzito haraka". Njia inayopunguza kilo mbili kwa wiki mbili na kuachwa wiki ya tatu haina faida kwa mtu anayetaka kula vizuri miaka yote.

## Njia ya 1: Kuacha kabisa

Inavyofanywa. Taja kitu kimoja au viwili kwa majina yao: "biskuti za krimu na soda", si "vitu vya sukari". Katazo pana halina mpaka, na kila siku utajikuta unabishana na nafsi kama mkate wa tamu nao umo. Weka muda, wiki nne zinatosha kuanzia, kisha kitoe kitu hicho nyumbani. Macho hayana pazia: kinachoonekana kila unapopita jikoni kitakuomba kila unapopita. Kama mnaishi wengi na wenzako wanakila, kiwekwe kwenye chombo kisichoonyesha ndani, katika kabati ambalo si wewe unayelifungua.

Katazo liwe la mkono, lisiwe la mawazo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na baadaye waliporuhusiwa walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Anayejiambia "nisiifikirie chokoleti" anajikaribishia chokoleti kichwani. Ifikirie ikija, usiile.

Kazi inayodai. Nzito siku za mwanzo, nyepesi baadaye. Kumnyima mtu kitu kimoja kwa siku chache mara nyingi huongeza uchu wa kitu hicho, lakini kwa wanaoendelea wiki nyingi uchu huo huelekea kupungua. Wengi huacha katikati ya kilima wakidhani mbele ni kupanda tu. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba uamuzi unafanywa mara moja. Saa tatu usiku hakuna mjadala wa kipande kimoja au viwili.

Inavunjikia wapi. Kwenye kosa la kwanza. Umekula biskuti moja kazini, basi moyo unasema siku imeshaharibika, nitaanza upya Jumatatu, na pakiti inaisha. Jambo hili linajulikana vizuri. Katika jaribio maarufu la watafiti Herman na Mack la mwaka 1975, watu wanaojizuia kula waliopewa kwanza maziwa mazito matamu walikula aiskrimu nyingi zaidi baadaye kuliko wenzao wanaojizuia ambao hawakupewa kitu. Ungetegemea kinyume chake. Biskuti moja ina kalori 50 hadi 70. Madhara yako yote kwenye zile kumi na mbili zilizofuata. Anayechagua njia hii aandike mapema atakachofanya akiteleza: mlo unaofuata ni wa kawaida, saa yake ileile, bila kurukwa kama adhabu. Kuruka mlo kunaleta njaa, na njaa itamrudisha palepale.

Siku mbaya. Nyumbani inahimili vizuri, kwa kuwa kitu chenyewe hakipo. Ugenini na kwenye sherehe inayumba.

Inamfaa mtu ambaye daftari lake linaonyesha "nilimaliza pakiti" karibu kila mara kwa kitu kilekile, na anayechoshwa na kujipimia. Haimfai mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa ulaji, wa kujinyima au wa kubugia na kujitapisha. Kwake makatazo ni petroli kwenye moto.

## Njia ya 2: Kula kwa kipimo

Inavyofanywa. Unakila kitu chenyewe, lakini kiasi kimeamuliwa kabla uchu haujaja. Mifano ya vipimo: chokoleti gramu 20, ambayo ni kalori 110 hadi 120, viazi vya kukaanga vya pakiti gramu 30, kalori 160 hivi, aiskrimu ya kawaida nusu kikombe, kalori 140 hivi. Gawa siku unayonunua, ukiwa umeshiba, kwa mizani ya jikoni, katika vifuko au makopo madogo. Kipimo cha macho hakitoshi. Bakuli linaloonekana dogo hubeba viazi gramu 60 bila kuonyesha, yaani vipimo viwili.

Kisha namna ya kula. Kitu kitoke kwenye pakiti kiwekwe kwenye sahani, pakiti irudi kabatini, wewe ukae chini, simu iwe mbali. Kiliwe baada ya mlo, si tumbo likiwa tupu. Chokoleti iweke ulimini uiache: mafuta yake huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo, kwa hiyo kipande kikilala juu ya ulimi bila kutafunwa kitalainika pembeni kwanza, kisha utamu utatangulia na uchungu wa kakao utafuata nyuma. Kipande cha gramu 5 hudumu dakika moja na zaidi kikiachwa hivyo, na sekunde kumi kikitafunwa. Raha ya tonge la kwanza na la pili ndiyo kubwa. Ladha ileile inavyorudiwa ulimi huichoka, jambo ambalo mtafiti wa lishe Barbara Rolls na wenzake walilionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anayekula polepole anaipata karibu raha yote ndani ya gramu 20.

Kazi inayodai. Ya mapema ni ndogo, dakika kumi kwa wiki za kugawa. Ya papo hapo ni kubwa, kwa maana unatakiwa kusimama ladha ikiwa bado mdomoni.

Inavunjikia wapi. Chovya chovya yamaliza buyu la asali. Hakuna anayeamua kula pakiti nzima. Anarudi mara tano kuchukua kidogo. Mianya mingine ni miwili. Kwanza, kukopa: "jana sikula, leo nachukua viwili." Kipimo hakilimbikizwi. Pili, saa. Ukila kitamu kila siku saa tatu usiku mbele ya runinga, baada ya wiki chache runinga yenyewe itakuwa kengele ya kukuitia uchu, hata siku ambayo hukuwa na hamu. Ni heri kukifunga na mlo, tena kwa siku zisizofuatana, mara tatu kwa wiki.

Vinywaji ni shida ya peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50 na gramu 25. Gramu 25 ni vijiko sita vya chai. Kopo la kola la mililita 330 lina gramu 35 hivi. Soda haishibishi na haitafunwi, hivyo kipimo chake ni kigumu kukishika. Kama ni lazima, mimina mililita 150 kwenye glasi ndogo, na kopo lililobaki lichukuliwe na mtu mwingine.

Siku mbaya. Hapa ndipo njia hii inapokuwa dhaifu kuliko zote. Uchovu na hasira huondoa breki ambayo kipimo kinaitegemea. Ila kwenye sherehe inatamba: unapakua, unakaa, unakula na wenzako, na hakuna anayekuuliza umekumbwa na nini.

Inamfaa yule ambaye safu yake ya mwisho inasema "niliacha" au "niliendelea kidogo", anayependa kula na watu, na anayejiona anakuwa mkali na mnyonge akikatazwa. Haimfai anayerudi kabatini mara ya tatu kila mara.

## Njia ya 3: Kubadilisha

Inavyofanywa. Watu wengi hubadilisha vibaya, kwa kuwa wanabadilisha jina la chakula badala ya kile ambacho mdomo unakitafuta. Uchu una sura yake: mwingine unataka kitu cha kuvunjika menoni, mwingine kitu laini cha krimu, mwingine baridi, mwingine gesi inayochoma koo, mwingine chumvi. Mtu mwenye uchu wa viazi vya pakiti ukimpa ndizi umempa utamu na ulaini. Yeye alitaka chumvi na mlio.

Vya mlio na chumvi: bisi. Vikombe vitatu vilivyopasuliwa bila mafuta vina kalori 90 hadi 100, na vinajaza bakuli. Chumvi haishiki kwenye bisi kavu, inaanguka chini ya bakuli, ndiyo maana watu wanasema hazina ladha. Zipake kijiko kimoja cha chai cha mafuta, kalori 40, zikiwa za moto, kisha nyunyiza chumvi iliyosagwa laini.

Vya krimu na baridi: ndizi iliyoiva mpaka ganda limeanza madoa. Imenye, ikate vipande vya sentimita 2, igandishe kwa saa tatu au usiku kucha, kisha isage kwa mashine. Dakika ya kwanza utaona punje punje kama mchanga mkavu, na wengi hapo huongeza maziwa wakaharibu. Zima, kwangua pembeni, endelea; dakika ya pili inashikana ghafla na kuwa krimu. Ikikataa kabisa, kijiko kimoja cha mtindi kinatosha. Ndizi mbichi haifai, wanga wake haujageuka sukari na itakuwa na ukakasi ulimini.

Vya gesi: maji yenye gesi, baridi sana, na nusu ya limau. Baridi na gesi hubeba sehemu kubwa ya kile ambacho koo linakitaka kwenye soda.

Chokoleti ni ngumu. Kakao isiyo na sukari, kijiko kimoja cha chakula katika mililita 200 za maziwa ya moto na kijiko cha chai cha sukari, inakaribia. Anayeipenda chokoleti kwa dhati ni bora ale gramu 20 za chokoleti yenyewe.

Kazi inayodai. Karibu yote ni ya mapema. Mbadala lazima uwe tayari, umeoshwa, umekatwa, uko mbele kwenye friji. Karoti chafu yenye majani haijawahi kushinda biskuti iliyo wazi.

Inavunjikia wapi. Kwenye mzunguko huu: mtu anataka chokoleti, anakula tofaa (kalori 90), uchu haujaisha; anaongeza karanga gramu 30 (kalori 170), bado; biskuti mbili za ngano isiyokobolewa (kalori 120), bado; mwishowe anakula chokoleti gramu 30 (kalori 165). Jumla ni kalori 545 kwa uchu ambao ungeisha kwa 165. Kanuni ya kuzuia hilo ni fupi: mbadala mmoja, kisha ngoja dakika 15. Ukishindwa, nenda moja kwa moja kwenye kitu chenyewe kwa kipimo.

Mwanya wa pili ni jina zuri. Asali inahesabiwa pamoja na sukari, juisi pia, na tende kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Si vyakula vibaya, lakini tende kumi si kitu kidogo kwa sababu tu si pipi. Vitamu visivyo na sukari navyo vinapunguza kalori za leo, ila mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Siku mbaya. Wastani. Inahimili uchovu kama mbadala uko tayari. Huzuni na hasira haziwezi, maana mtu mwenye huzuni hatafuti mlio wa bisi.

Inamfaa mwenye uchu wa ladha na mguso kuliko wa hisia, mwenye friji na dakika ishirini za kuandaa, na familia yenye watoto, ambako bakuli la bisi linaliwa na wote bila kumtenga mtu.

## Njia ya 4: Kungoja wimbi lipite

Inavyofanywa. Mwanasaikolojia Mmarekani Alan Marlatt, aliyefanya kazi na watu wanaoacha pombe, aliufananisha uchu na wimbi: linapanda, linafika kileleni, linashuka lenyewe, hata kama hukulifanya lolote. Tazama saa. Sema kimya, "huu ni uchu wa keki." Utafute mwilini: mate chini ya ulimi, koo, kifua kubana, vidole kutotulia. Upe namba kutoka 0 hadi 10. Pumua kawaida na uangalie tu. Baada ya dakika tatu upe namba tena, kisha tena. Utaona 7, 8, 8, 6, 4. Mara nyingi unakuwa umelegea ndani ya nusu saa, na kuiona namba ikishuka kwa macho yako mwenyewe kunakufundisha kuliko maneno ya mtu yeyote.

Kama kutazama tu kunakushinda, shughulisha macho ya akili. Uchu hukaa kwenye picha: unaiona keki, unaona kisu kikiikata. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2014 kwamba dakika tatu za kucheza Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoanguka, zilipunguza nguvu ya uchu, kwa kuwa mchezo na picha vinagombea nafasi ileile kichwani. Mwendo wa haraka wa dakika 15 nao ulipunguza uchu wa chokoleti katika majaribio yaliyofanywa Exeter, Uingereza pia. Kusikiliza redio umelala hakusaidii hivyo. Macho ya akili yanabaki huru.

Kazi inayodai. Maandalizi hakuna, gharama hakuna, na inatumika popote, hata kwenye kikao. Lakini ni ujuzi. Mara tano sita za kwanza utashindwa nyingi.

Inavunjikia wapi. Ukingojea kando ya sahani. Ondoka chumbani. Huvunjika pia kwa kushindana: anayekaza meno na kuhesabu dakika anaulisha uchu. Namba ikibaki 7 baada ya nusu saa, kula kipimo chako na ufunge suala.

Siku mbaya. Kwa uchu uliozaliwa na ugomvi, upweke au woga, hii ndiyo inayogusa shina, kwani hisia yenyewe inapata nafasi ya kushuka. Kwa uchovu mzito haifai, lala.

Inamfaa ambaye safu yake ya hali ya moyo imejaa. Isitumiwe na mtu wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari, pale uchu unapokuja na kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa. Hilo si wimbi. Apime sukari, na ikiwa chini ya 4 mmol/L ale au anywe gramu 15 za sukari ya haraka, apime tena baada ya dakika 15 na arudie kama bado iko chini. Kama hana kipimo karibu, asisubiri, ale kwanza.

## Uchague nini, kwa hali yako

Uchu wa usiku mbele ya runinga, bila njaa. Anza na kungoja. Kama kitu kinachokushinda ni kimoja kilekile, kiache kabisa kwa wiki nne na endelea kungoja kwa vingine. Njia hizi mbili zinashikana vizuri.

Saa kumi jioni kazini. Mara nyingi uchu wa saa hiyo ni njaa. Weka mtindi au karanga gramu 30 kwenye droo au friji ya ofisi ule saa tisa na nusu, kabla uchu haujafika. Ukiendelea kuja hata ukiwa umekula, badilisha.

Wageni, harusi, sikukuu. Kipimo. Hata aliyeacha kabisa anaweza kujiwekea ruhusa iliyoandikwa mapema, mara moja, sahani moja.

Baada ya ugomvi au habari mbaya. Kungoja, na ikibidi mwendo wa dakika 15. Usianze katazo jipya siku hiyo.

Siku chache kabla ya hedhi. Wanawake wengi huona uchu ukiongezeka. Panga kipimo kwa siku hizo mapema, badala ya kuuona uchu huo kama kushindwa.

Umeacha sigara hivi karibuni. Hamu ya vitamu hupanda. Badilisha, na usiongeze katazo la pili juu ya la kwanza.

Mjamzito, au una uchu wa udongo, barafu au wanga mbichi. Uchu wa vitu visivyo chakula huendana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma. Nenda ukapimwe damu.

Dawa mpya. Prednisoloni na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hamu ya kula sana. Usiache dawa, mweleze aliyekuandikia.

Unabugia kiasi kikubwa ukihisi huwezi kusimama, walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Hapo usichague yoyote kati ya hizi nne peke yako. Ni ugonjwa wenye matibabu, na daktari au mtaalamu wa afya ya akili ndiye wa kuonana naye.

Njia yoyote utakayochukua, ifungie sentensi moja ya "ikiwa … basi …", mbinu iliyofanyiwa kazi sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer. Iwe na mahali na kitendo: "Ikiwa nimefungua kabati baada ya saa tatu usiku, basi naweka dakika 15 kwenye simu na kutoka jikoni." Iandike ubandike ndani ya mlango wa kabati hilo. Ijaribu wiki mbili ukiendelea na daftari, kisha soma safu ya mwisho. Maneno "nilimaliza pakiti" yakiwa yamepungua, endelea. Yakiwa palepale, badilisha njia. Na kama yameongezeka tangu uanze kujikataza, rudisha kitu hicho kwa kipimo kuanzia mlo wa kesho.